Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone, Lakini Mwenyeji Naye Aseme



Parokia inapompokea padre mpya, au frateri anayekuja kwa mwaka wa kichungaji, methali moja haikosi kutajwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei huitamka, akina mama hupiga vigelegele, na mgeni hukabidhiwa zawadi. Tumeizoea methali hii kiasi kwamba hatujiulizi inadai nini na kutoka kwa nani. Kwa jinsi tunavyoitumia, kazi yote ni ya mgeni: yeye aje, sisi tupone. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mwenyeji, na kwamba asipoitimiza, mgeni hata akiwa hodari namna gani hataponya mtu. Nitalieleza hili kwa kutumia kitabu ambacho baadhi yenu mtashangaa kukikuta katika jarida la seminari. Ni riwaya ya upelelezi, inayohusu kusakwa kwa mtu anayeua wanawake mmoja baada ya mwingine, katika jiji ambalo mpelelezi mwenyewe halijui.

Mwandishi wake ni Jo Nesbø wa Norwei. Kitabu kilitoka mwaka 1997 kwa jina Flaggermusmannen, maana yake Mtu-Popo, na tafsiri ya Kiingereza, The Bat, ikafuata mwaka 2012. Mwaka 1997 kilipata Tuzo ya Riverton, inayotolewa Norwei kwa kazi bora za fasihi ya uhalifu, na mwaka 1998 kikapata tuzo ya Ufunguo wa Kioo inayoshindaniwa na waandishi wa nchi za Nordiki. Ndicho kitabu cha kwanza katika mfululizo mrefu wa mpelelezi Harry Hole.

Natangulia kusema mambo mawili. Kwanza, kitabu hiki kina damu, ulevi, na mambo ya chumbani yaliyoelezwa bila kificho, kwa hiyo si cha kumpa mtoto wala cha kusoma kwenye jumuiya. Pili, siwezi kutoa hoja yangu bila kueleza mwisho wa hadithi. Anayetaka kukisoma bila kujua muuaji ni nani, aishie hapa kwanza.

Pengine mtu atauliza frateri anayesoma falsafa ana kazi gani na vitabu vya namna hii. Jibu ni kwamba Kanisa lina watu wake katika fasihi hii. G. K. Chesterton, Mwingereza aliyepokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922, alianza kuchapisha visa vya Padre Brown katika kitabu mwaka 1911, akimchora padre huyo kwa kumtazama rafiki yake, Padre John O'Connor. Padre Ronald Knox, mtafsiri wa Biblia, alitunga pia riwaya za upelelezi, na mwaka 1929 aliweka kanuni kumi za uandishi huo ambazo watu hupenda kuziita Amri Kumi. Mojawapo inasema kwamba mpelelezi asifiche dalili yoyote anayoipata, bali aiweke wazi mara moja mbele ya msomaji. Knox alikuwa anazungumzia mchezo wa haki kati ya mwandishi na msomaji. Naomba tuishike kanuni hiyo, kwa sababu katika riwaya ya Nesbø kuna mpelelezi anayeivunja, na watu wanakufa.

Wasomaji wa Kiswahili nao wana wapelelezi wao. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anapeleleza Unguja, kwao, miongoni mwa watu anaowafahamu kwa nasaba na kwa tabia. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Dar es Salaam yake. Hao ni wenyeji. Harry Hole ni mgeni.

Anatoka Oslo na kutua Sydney, Australia. Msichana wa Kinorwei, Inger Holter, aliyewahi kufahamika kwao kwa kipindi cha watoto katika televisheni, ameuawa huko, na Norwei inamtuma polisi wake awe karibu na upelelezi. Wakubwa wa polisi wa Sydney wanamweleza mapema kwamba amekuja kutazama, asiingilie kazi. Hajui mitaa. Hajui nani ni rafiki wa nani, wala utani wa watu umebeba nini ndani yake. Hata jina lake la ukoo linabadilika vinywani mwa wenyeji: wanavyolitamka, linakuwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtakatifu. Mlevi mwenye dhamiri iliyojeruhiwa anaitwa Mtakatifu kila anapopita. Sisi ambao watu hutupa heshima kabla hatujaistahili tunaweza kucheka tukifika hapo, kisha tukanyamaza kidogo.

Mwenyeji aliyepewa kumwongoza ni mpelelezi Andrew Kensington, Mwaborijini, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Australia. Andrew ni mcheshi na mkarimu. Anamtembeza Harry jijini, anamkutanisha na marafiki zake, anampeleka kuona ndondi, na kila mara ana kisa cha kusimulia. Masimulizi ya kale ya Waaborijini yanapita katika kitabu chote. Sehemu zake tatu zinaitwa Walla, Moora na Bubbur, majina ya kijana, mchumba wake na nyoka mkubwa katika hadithi mojawapo. Popo wa kwenye jina la kitabu naye anatoka katika masimulizi hayo, na ni alama ya mauti. Harry anasikiliza kwa adabu kama mgeni anavyosikiliza ngano za nchi aliyofikia, na anaziona kama mapambo ya safari.

Upelelezi unaendelea. Polisi wanamfuatilia aliyekuwa mpenzi wa Inger, muuza dawa za kulevya, na njia hiyo haiwafikishi popote. Wanapopekua majalada ya zamani wanagundua kuwa wanawake wengine wenye nywele za rangi ya dhahabu wamebakwa na kunyongwa sehemu mbalimbali za nchi kwa miaka kadhaa. Sasa inaeleweka kwamba muuaji ni mmoja na kwamba ataua tena. Wanaanza kumshuku mchekeshaji wa jukwaani aitwaye Otto Rechtnagel, naye anauawa kikatili. Kisha Andrew mwenyewe anakutwa amekufa, mwili wake ukining'inia kitanzini.

Ni baada ya kifo cha Andrew ndipo Harry anaanza kuelewa. Zile hadithi hazikuwa mapambo. Matembezi yale, utambulisho kwa mtu huyu na yule, jioni ile ya ndondi, vyote vilikuwa vidole vinavyoelekeza upande mmoja. Andrew alikuwa anamjua muuaji. Alikuwa Robin Toowoomba, bondia kijana, Mwaborijini mwenzake, ambaye Andrew alimpenda kama mwanawe. Hakuweza kumkamata kwa mkono wake, wala hakuweza kumwacha aendelee. Akachagua njia ya katikati: amwongoze mgeni kwa mafumbo mpaka mgeni ajionee mwenyewe, ili Toowoomba akamatwe bila Andrew kuwa ndiye aliyemtaja.

Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo, kwa maoni yangu. Wasomaji wengi hukumbuka muuaji na jinsi alivyonaswa. Mimi nimebaki nikimfikiria Andrew, kwa sababu Toowoomba siwezi kusema ninamfahamu, lakini Andrew ninamfahamu. Ni mtu mwema anayejua jambo baya juu ya mtu anayempenda.

Tusiwe wepesi kumhukumu, maana sababu zake si ndogo. Andrew ni wa kizazi cha watoto walioporwa. Takriban tangu 1910 hadi 1970, watoto wengi wa Kiaborijini walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na kulelewa katika taasisi au katika familia za wazungu, ili wasahau lugha na asili yao. Baadhi ya taasisi hizo ziliendeshwa na makanisa, likiwamo Kanisa Katoliki, na hatuwezi kusoma habari hii kama watu wa nje. Mwaka 1997, mwaka uleule wa riwaya hii, ripoti ya kitaifa juu ya watoto hao ilitolewa nchini Australia, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Kabla ya hapo, sheria ilikuwa imeshikilia kwa zaidi ya karne moja kwamba Waingereza walipofika, ardhi ile haikuwa na mwenyewe. Ni mwaka 1992 tu, katika shauri la Mabo, ndipo Mahakama Kuu ya Australia ilipoikataa hoja hiyo. Toowoomba anajiona mlipiza kisasi wa watu wake. Andrew, aliyeporwa utoto wake na serikali, anatakiwa sasa amkabidhi mwanawe wa moyoni kwa mahakama za serikali hiyohiyo. Nani kati yetu angelala usingizi?

Kwa hiyo tukubali kwamba Andrew alikaa kimya kwa sababu ya upendo, na upendo huo ulikuwa na historia ya kidonda kirefu. Hata hivyo, tukiuliza swali la falsafa ya maadili, yaani kitendo chenyewe kilikuwa nini na kilielekea wapi, jibu haliwezi kuishia kwenye nia yake. Kila siku aliyotumia kumzungusha Harry kwa mafumbo ilikuwa siku ambayo muuaji alitembea huru, na hakuna mwanamke aliyejua kwamba anapaswa kujihadhari. Andrew alimpenda Toowoomba kwa jina na kwa sura. Waliokuwa hatarini hakuwajua kwa majina, na mtu usiyemjua jina ni rahisi kumweka upande wa pili wa mizani. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anamzungumzia mlinzi anayeona upanga unakuja na asipige tarumbeta: mtu akiuawa, Mungu atadai damu yake kwa mlinzi. Mlinzi huyo hakushika upanga. Kosa lake ni kwamba aliona, na sauti alikuwa nayo.

Hata Toowoomba mwenyewe hakupata faida. Hafikishwi mahakamani, hapati nafasi ya kuungama mbele ya watu aliowaumiza, anakufa kabla ya hukumu yoyote ya kibinadamu. Methali yetu inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Andrew alificha maradhi ya mwingine, kifo kikawaumbua wote wawili.

Ndani ya riwaya hiyohiyo kuna kisa kingine cha kufunikiana, na kinamhusu mgeni. Huko Oslo, Harry aliwahi kuendesha gari la polisi akiwa amelewa, akapata ajali, na polisi mwenzake akafa. Wakubwa wake walilifunika jambo hilo ili kulinda jina la kazi. Unaweza kudhani walimsaidia. Ukisoma kitabu unaona mtu anayetembea na jeneza mgongoni, ambaye chupa inamwita kila anapotikisika, na hatimaye Sydney inamwangusha tena katika ulevi. Hakuna aliyemwambia wazi amefanya nini, hivyo hakuna aliyeweza kumsamehe. Sisi tunaoamini Sakramenti ya Kitubio tunalielewa hili kuliko wengine. Kosa lisilotajwa haliwezi kuondolewa.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuandika haya ili kuwasimulia habari za Sydney.

Sisi Waswahili na Waafrika wa ukanda huu ni mabingwa wa mafumbo. Tunaheshimu mtu anayejua kusema bila kusema. Mama humweleza jirani yake jambo zito kwa maandishi ya kanga tu. Mzee anayekemea hutoa hadithi ya fisi, na mwenye masikio husikia. Utamaduni huu una uzuri wake mkubwa. Unamwachia mwenzako heshima na nafasi ya kujirekebisha bila kuaibika. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Sipendekezi tuutupe.

Lakini mafumbo yana mpaka, na Maandiko yanatuonyesha mpaka huo ulipo. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anatumwa kwa Daudi, aliyemchukua mke wa Uria na kupanga njama ya kumwua Uria vitani. Nathani anaanza kwa fumbo: tajiri mwenye mifugo mingi anamnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anaghadhibika. Kama Nathani angekuwa Andrew, angenyanyuka hapo na kwenda zake, akiamini kwamba mfalme mwenye akili atajijazia. Nathani hakuondoka. Alimwambia mfalme usoni kwamba mtu huyo ni yeye, akalitaja kosa lake kwa jina. Fumbo lilimfungulia mlango, naye akaingia na kusema alichotumwa. Kwa sababu hiyo Daudi aliweza kutubu.

Tufikirie basi yale anayoambiwa mgeni parokiani katika miezi yake ya kwanza. Mwamini mmoja anamwambia padre mpya, huku akitazama pembeni, kwamba mwalimu yule wa watoto ni mtu wa watu sana, anapenda mno kuwasindikiza nyumbani. Mwingine anasema mhasibu wa parokia amebarikiwa, nyumba yake inapanda haraka. Bibi mmoja anasema kwamba mjukuu wake siku hizi hataki tena utumishi altareni, kisha anabadilisha mazungumzo na kuuliza kama padre amezoea hali ya hewa. Wote hao wamesema. Mgeni, ambaye hajui nani ni shemeji wa nani, amesikia maneno ya adabu tu. Miaka miwili baadaye jambo linapolipuka, kila mtu anasema padre aliambiwa. Hakuambiwa. Alitegewa kitendawili.

Na tunapofanya hivyo sababu zetu zinafanana na za Andrew. Huyu ni mtoto wetu. Huyu ametoka katika ukoo uliojenga kanisa hili. Tukisema, watu wa dini nyingine watatucheka. Tukisema, atapelekwa polisi, na polisi tunawajua. Sababu hizi si za uongo. Hata hivyo hazimfikii yule mtoto anayesindikizwa nyumbani.

Hapa kuna pingamizi la haki ambalo Mkatoliki mwenye malezi mazuri atalitoa: je, huku si kusengenya? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inatuonya tusihukumu kwa pupa, tusisingizie, na tusifichue makosa ya mwenzetu kwa wasioyajua bila sababu ya haki. Onyo hilo ni zito na jumuiya zetu zinalihitaji. Lakini tulisome lote. Kinachokatazwa ni kufichua bila sababu ya haki. Mtoto aliye hatarini ni sababu ya haki. Tofauti kati ya msengenyaji na shahidi haiko katika ukali wa maneno yao. Msengenyaji huwaambia watu wote isipokuwa anayeweza kuchukua hatua. Shahidi humtafuta huyo mmoja na kumwambia anachokijua, bila kuongeza, huku akitenganisha alichokiona na alichokisikia. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 18 alitoa utaratibu wa kumrekebisha ndugu: wewe na yeye, kisha mashahidi, kisha Kanisa. Ni utaratibu wenye hatua, na hakuna hatua ya mafumbo.

Kuna pingamizi la pili, la siri ya kitubio. Hilo halina mjadala. Padre aliyesikia jambo katika kitubio haruhusiwi kulifichua kwa neno, kwa ishara, wala kwa namna nyingine yoyote. Lakini tusiifanye siri hiyo takatifu kuwa blanketi la kufunika kila tulichokisikia sakristiani, kwenye chai, au katika mabweni ya seminari. Kitubio ni kitubio, na mazungumzo mengine ni mazungumzo.

Kanisa limejifunza hili kwa maumivu makubwa, na maumivu makubwa zaidi yalikuwa ya walioumizwa. Mwezi Mei 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, akaithibitisha kwa kudumu mwezi Machi 2023. Sheria hiyo inawataka wakleri na watawa wanaojua, au wenye sababu za msingi za kuamini, kwamba unyanyasaji umetendwa, watoe taarifa bila kukawia kwa mamlaka ya Kanisa. Mtu mwingine yeyote, mlei akiwamo, anaweza kutoa taarifa pia. Mtoa taarifa asidhulumiwe kwa kufanya hivyo, na asilazimishwe kukaa kimya. Kisheria, sisi mafrateri wa falsafa bado si wakleri. Sidhani kuna anayetaka kujificha nyuma ya hilo. Tunaojiandaa kuwa wachungaji hatuwezi kuanza kwa kutafuta mlango wa kutokea. Na kwa wale wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kuripoti kanisani hakuondoi wajibu huo.

Nimesema mengi juu ya mwenyeji. Haki inataka niseme na juu ya mgeni, maana riwaya haimwachi salama, na sehemu hii inatuhusu sisi mafrateri moja kwa moja.

Huko Sydney Harry anampenda mwanamke wa Kiswidi, Birgitta Enquist. Anapobaki na muuaji anayemjua lakini hana ushahidi wa kutosha, anakubali mpango ambao Birgitta anakuwa chambo. Birgitta ameridhia, polisi wako karibu, kila kitu kimepangwa. Mpango unaharibika, na Birgitta anauawa. Andrew alikuwa na upendo uliouficha ukweli. Harry sasa anaufuata ukweli kwa namna inayomgeuza mpendwa wake kuwa chombo cha kumnasia adui. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba utu wa mtu usitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia jambo lingine. Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, aliichukua hoja hiyo katika kitabu chake Upendo na Uwajibikaji cha mwaka 1960, akaongeza kwamba namna pekee inayostahili ya kumkabili mtu ni upendo. Nia ya Harry ilikuwa njema na muuaji alikuwa wa kweli. Birgitta amekufa hata hivyo.

Mgeni anayefika parokiani na ari ya kusafisha kila kona yuko katika hatari hiyo. Anaweza kumbana mtoto aseme mbele ya watu kabla hajawa tayari, kwa sababu kesi inahitaji ushahidi. Anaweza kulitaja jambo la siri katika mahubiri ili aonekane jasiri. Anaweza kumtumia yule bibi kama mpelelezi wake kijijini na kumwacha peke yake watu watakapomgeuka. Kumsikiliza aliyeumizwa si kumfanya daraja la kufikia ushindi wetu. Kwanza yeye awe salama, mengine yafuate. Na palipo na wataalamu wa ustawi wa jamii, kazi yao tuwaachie.

Kwa hiyo nawaomba mafrateri wenzangu: tutakapotumwa tusikotokea, tusikilize mafumbo kwa makini kuliko Harry alivyosikiliza, kisha tuwe na ujasiri wa kuuliza swali la pili. Mama anaposema mjukuu wake hataki tena utumishi altareni, tusijibu kuhusu hali ya hewa. Tuulize kwa upole: kuna nini, Bibi? Kisha tunyamaze tusubiri.

Na ninyi waamini wetu wapendwa, mnatupokea vizuri kuliko tunavyostahili, na Mungu awalipe. Safari ijayo mtakapompokea mgeni, pamoja na vigelegele na zawadi, fanyeni jambo moja dogo. Ulizeni katika mkutano wa jumuiya: kama mtoto wetu ameumizwa na mtu wa Kanisa, tunampigia nani simu, parokiani, jimboni na serikalini? Kama hakuna anayejua jibu, mwombeni paroko alitafute na kulibandika kwenye ubao wa matangazo, jina na namba, kwa maandishi makubwa. Andrew Kensington alikuwa anajua jina. Alikosa mtu mmoja wa kumwambia waziwazi, au alikuwa naye pembeni yake garini kila siku na hakumwambia. Sisi tusifanye hivyo.